Mlango wa Nyumbani

Mwalimu wa Handeni au Korogwe aliyekwenda kufundisha ng'ambo hujiuliza: nibaki au nirudi? Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa pande za Bagamoyo, alilikata shauri hilo zamani. Tangu mwaka 1900 aliwafundisha Wajerumani Kiswahili mjini Berlin. Maandiko yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa 1903. Mwaka 1904 akaoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 akafunga safari kurudi naye. Serikali ya kikoloni, isiyostahimili Mwafrika kuwa na mke Mzungu, ikawakataza kushuka nchini. Akarejea ugenini, akafa Berlin mwaka 1927. Yeye aliuchagua mlango wa kwao, wageni wakaufunga. Leo ufunguo tunao wenyewe. Anayesitasita na alipime hilo.