Mackinnon: Tajiri aliyetaka serikali imwokoe, akapewa miezi mitatu

Ukiwa unaishi Raila hapa Kibera, unajua hiyo njia. Unapanda kutoka upande wa mto, unapita Gatwekera, unafika relini. Wengine wanauza omena na viazi kando ya reli, wengine wanatembea juu yake wakienda kibarua Industrial Area kwa miguu kwa sababu nauli imepanda. Treni ikipiga honi, watu wanasonga kidogo, ikipita maisha yanaendelea.

Sasa nikuulize. Umewahi kujiuliza hiyo reli ilikujaje hapa, na hao Wanubi tuliowakuta Kibera walifikaje? Hayo mambo mawili, reli na Wanubi, yana mkono wa mtu mmoja ambaye labda jina lake umelisoma tu kwenye kibao ukienda Mombasa. Basi likishapita Voi, unafika mahali panaitwa Mackinnon Road, pale penye msikiti kando ya reli. Huyo Mackinnon ndiye nataka nikusimulie leo. Na usidhani ni historia ya kukariri ya shule. Hii ni stori ya pesa, deni, na wanasiasa wakibishana nani alipe kampuni ikizama. Hiyo unaijua. Umeiona Mumias, iliyopewa pesa za serikali 2015 na bado ikaishia mikononi mwa mrasimu 2019.

William Mackinnon alizaliwa 1823 katika mji mdogo wa bandari unaoitwa Campbeltown, huko Scotland. Hakuzaliwa tajiri. Alianza kwa kujifunza kazi ya duka la vyakula, kisha akaenda Glasgow akafanya kazi kwenye ghala la hariri na baadaye ofisi ya mfanyabiashara. Mwaka 1847, akiwa na miaka 24 hivi, akapanda meli kwenda India kutafuta. Huko akakutana na jamaa waliyesoma naye, Robert Mackenzie, wakaungana kufanya biashara ya kusafirisha mizigo kwenye Ghuba ya Bengal.

Hapa shika jambo moja, kwa sababu litatusaidia mbele. Mwaka 1856 Mackinnon alianzisha kampuni ya meli kati ya Calcutta na Burma. Kilichoifanya isimame ni kandarasi ya kubeba barua za serikali. Serikali inakulipa kila safari, meli ijae isijae. Juu ya hiyo pesa ya uhakika unaweka abiria na mizigo, na faida inakuja. Mwaka 1862 kampuni hiyo ikabadilishwa jina ikawa British India Steam Navigation, ikakua ikawa moja ya kampuni kubwa za meli duniani. Mwaka 1872 ikapata kandarasi nyingine ya barua, kutoka Aden hadi Zanzibar. Kwa hivyo jamaa alifika pwani yetu kwa ruzuku. Alikuwa amezoea kwamba ukienda mahali pagumu, serikali inakushika mkono.

Huko Zanzibar alifanya urafiki na Sultani Barghash. Mwaka 1877 walianza mazungumzo Mackinnon akodishiwe bara lote la Sultani kwa miaka 70. Mpango ukafa kwa sababu serikali ya Uingereza haikuuunga mkono.

Mwaka uliofuata kukatokea kitu kingine. Oktoba 1878 benki iitwayo City of Glasgow Bank ilianguka. Wakurugenzi walikuwa wamekopesha marafiki ovyo na kupika vitabu, na 1879 wakafungwa jela. Wenye hisa hawakuwa na ukomo wa deni, yaani benki ikidaiwa, wewe mwenye hisa moja unauziwa hadi nyumba. Wengi mno walifilisika, na serikali haikuja kuwaokoa. Mackinnon alikuwa amewahi kuwa mkurugenzi wa benki hiyo lakini alijiuzulu 1870 baada ya wenzake kupuuza ushauri wake. Hata hivyo waliosimamia ufilisi walimshtaki wakidai karibu pauni 400,000. Alikataa kuelewana nje ya mahakama. Kesi ikavutwa, mwishowe akaondolewa lawama kabisa.

Ungedhani mtu aliyeona hayo angejiepusha na biashara isiyo na msingi. La. Mei 1887 Barghash alimpa tena ruhusa, safari hii ya miaka 50, kusimamia pwani na kukusanya ushuru. Septemba 1888 Malkia akatoa hati, na Imperial British East Africa Company ikazaliwa, makao Mombasa. Mackinnon ndiye mwenyekiti. Mwaka uliofuata akapewa cheo, akawa Sir William.

Sasa piga hesabu naye. Kampuni ilianza na mtaji wa karibu robo milioni ya pauni. Kwa pesa hizo ilitakiwa imlipe Sultani kodi kila mwaka, ijenge barabara, ilipe askari na wapagazi, na itawale nchi kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria na kuendelea. Mzigo wote ulibebwa kichwani na watu. Bidhaa iliyoweza kulipia gharama hiyo ilikuwa pembe za ndovu, basi. Januari 1889 tu, kampuni ililipa maelfu ya pauni kuwakomboa zaidi ya watumwa 1,400 waliokuwa wametorokea misheni ya Rabai, ili wenyewe Waarabu na Waswahili wasiingie vitani. Ni jambo jema, lakini kwa kampuni ni pesa imetoka na hakuna iliyoingia.

Desemba 1890 mtumishi wake, Kapteni Frederick Lugard, akafika Kampala na kumfanya Kabaka Mwanga atie sahihi mkataba. Wajerumani walikuwa wanataka hiyo sehemu, Wafaransa pia, na London ilifurahi kuona kampuni inaishika bila serikali kutumia senti. Kukaa Uganda kuligharimu takriban pauni 40,000 kwa mwaka. Mwaka mmoja tu na nusu wa Uganda unamaliza robo ya mtaji wote.

Dawa iliyobaki ilikuwa reli. Lakini nani atakopesha pesa za reli inayoenda mahali hapana mzigo? Ndipo Mackinnon akaiomba serikali idhamini riba. Ni kama ukitaka mkopo wa SACCO: hawakupi mpaka mtu mwingine aweke sahihi kwamba ukishindwa, atalipa yeye. Mackinnon alitaka huyo mtu awe mlipa kodi wa Uingereza.

Wakati ulikuwa mbaya. Novemba 1890 benki kubwa ya London, Barings, ilikaribia kuanguka kwa sababu ya mikopo ya Argentina. Benki Kuu ya Uingereza ilizunguka ikikusanya wadhamini, ikapata ahadi za karibu pauni milioni 17 kwa siku chache, na Barings ikapona. Baada ya hapo pesa ikawa ngumu na kila mtu akaogopa biashara za mbali. Ona tofauti: benki ya mjini ikiyumba, mamilioni yanapatikana wiki hiyo hiyo. Kampuni ya Mombasa ikiyumba, inaambiwa ingoje.

Mwaka 1891 Wizara ya Fedha ikakataa kudhamini reli. Waziri Mkuu, Lord Salisbury, aliitaka, lakini alichoweza ni kuahidi kama pauni 20,000 za upimaji wa njia. Hata hizo zikaleta vita bungeni Machi 1892. Wapinzani wa chama cha Liberal, akina Sir William Harcourt na Henry Labouchere, walisema hii ni kuwalipia matajiri kamari yao. Kama reli ina faida, wenye kampuni waijenge. Kama haina, kwa nini mfanyakazi wa Uingereza ailipie? Upande wa pili ulisema kampuni imefanya kazi ya taifa, imezuia Wajerumani, inapigana na biashara ya watumwa, kwa hivyo taifa lilipe. Pesa za upimaji zilipita, dhamana haikupita.

Agosti 1891 wakurugenzi walikuwa tayari wameamua kutoka Uganda. Wamishonari wakashtuka. Askofu Tucker akaenda kwa Mackinnon, wakapatana: Mackinnon angetoa pauni 10,000 mfukoni mwake na marafiki zake 5,000, ikiwa watu wa kanisa wangepata kiasi kama hicho. Wakachanga zaidi ya pauni 15,000, watu wakitoa hadi vito vyao. Harambee kabisa. Ilinunua mwaka mmoja.

Uchaguzi wa 1892 ukaleta serikali ya Gladstone, na baraza lake likagawanyika vipande viwili. Harcourt, sasa Waziri wa Fedha, alitaka Uganda iachwe. Lord Rosebery wa Mambo ya Nje alitaka ishikwe. Mwishowe wakapata jibu la kisiasa: serikali ingelipia gharama za kampuni kwa miezi mitatu, hadi 31 Machi 1893, huku wakifikiria. Lugard akarudi akazunguka miji ya Uingereza akihutubia, makanisa na vyama vya wafanyabiashara vikaandika maombi kwa mamia. Sir Gerald Portal akatumwa akaone. Tarehe 1 Aprili 1893 bendera ya kampuni ilishushwa Kampala na ya Uingereza ikapandishwa. Nchi iliokolewa kwa ajili ya Uingereza, kampuni ikaachwa.

Mackinnon alifariki London tarehe 22 Juni 1893, miezi mitatu haijaisha tangu hiyo bendera ishushwe. Alikuwa na miaka 70. Hakuwa na mtoto, na cheo chake kikafa naye. Sanamu yake ilisimama Mombasa miaka mingi, baada ya uhuru ikarudishwa kwao Scotland.

Lakini bili haikufa. Mwaka 1895 kampuni ilinunuliwa kwa pauni 250,000. Unajua zilitoka wapi? Serikali ya Uingereza ilitoa 50,000. Zile 200,000 nyingine zilitoka hazina ya Zanzibar, pesa ambazo Wajerumani walikuwa wamemlipa Sultani kwa pwani ya Tanganyika. Yaani wenye hisa wa Uingereza, ingawa hawakurudishiwa yote waliyoweka, walipozwa kwa pesa za Waafrika Mashariki. Sultani hakuulizwa kwa namna ambayo angeweza kukataa.

Na ile reli iliyokataliwa dhamana? Mwaka 1896 bunge lile lile lilipitisha pauni milioni 3 kuijenga, na mwishowe ikazidi milioni 5. Wahindi zaidi ya 31,000 waliletwa kuijenga na karibu 2,500 wakafa. Reli ilifika Nairobi 1899, ikaendelea kuelekea Kisumu. Mwaka 1901 ikaja kodi ya nyumba, ili wenyeji wagharamie serikali ambayo hawakuiomba.

Sasa Wanubi. Mwaka 1891 Lugard alihitaji askari, na kampuni haikuwa na pesa za kutosha kuwaajiri mbali. Akaenda karibu na Ziwa Albert akawachukua wanajeshi wa Sudan walioachwa na Emin Pasha, mamia ya askari na familia zao kwa maelfu. Kampuni ilipokufa, wakarithiwa na serikali kama mali ya ofisi. Mwaka 1897 wengi wakaasi, wamechoka na safari zisizoisha na mshahara mdogo unaochelewa. Aliyekuwa akiwaongoza safari hiyo ni Macdonald, yule yule aliyepima njia ya reli. Baadaye baadhi yao, na wengine wa vikosi vya KAR, wakapewa mahali pa kukaa kwenye msitu nje ya Nairobi. Wakapaita Kibra. Mwaka 1918 serikali ilitangaza rasmi karibu ekari 4,200 kuwa ardhi ya jeshi. Askari wakakaa bila hati. Hati ya jamii ilikuja 2017, na ilikuwa ya ekari 288.

Ndio maana sikumchukulia Mackinnon kama mwizi wala shujaa. Alitoa pesa zake mwenyewe, na nyingi. Kosa lake ni kwamba alichukua nchi ya watu kwa mtaji usiotosha, akitegemea kwamba ikifika shingoni serikali italipa, kama ilivyomlipa kwa barua. Wanasiasa nao walibishana miaka miwili kuhusu mlipa kodi wa Uingereza, wakimtetea au wakimtumia. Kwenye mabishano yote hayo, Mswahili wa Mombasa, Mganda wa Mengo na askari Mnubi hawakuwa na kiti, na wao ndio walibaki na deni.

Kwa hivyo siku nyingine ukisikia bungeni wanabishana kama kampuni fulani iokolewe, wewe usishike tu upande wa mwanasiasa wako. Uliza maswali matatu: pesa zinatoka mfuko gani, nani anapozwa, na nani atabaki bila hati mambo yakiisha. Halafu ukivuka reli jioni hii ukirudi Raila, angalia pande zote mbili kwanza.