Metropolita Andrey Sheptytsky: mchungaji aliyewaonya watu wake mwenyewe

Andrey Sheptytsky alizaliwa mwaka 1865 huko Prylbychi, si mbali na mji wa Lviv, katika familia ya makabaila wenye asili ya Kiukraine waliokuwa wamefuata lugha na desturi za Kipolandi. Yeye alirudia madhehebu ya mababu zake, akaingia utawa wa Wabasili, na mwaka 1901 akasimikwa kuwa Metropolita wa Wakatoliki wa Kigiriki mjini Lviv. Alijifunza Kiebrania, na alipotembelea parokia aliwasalimu Wayahudi kwa lugha hiyo.

Mwaka 1939 Wasovieti waliuteka mji. Walipokimbia Juni 1941 waliacha magereza yamejaa maiti. Wajerumani walioingia wakawatwika Wayahudi lawama, na makundi ya watu wa mji yakawapiga na kuwaua jirani zao. Kisha utawala mpya ukawapanga watu kwa taifa: Mjerumani juu, Mwukraine akipendelewa kuliko Mpolandi, Myahudi chini kabisa bila ulinzi wa sheria. Vijana wa Kiukraine waliandikishwa katika polisi saidizi, wakatumiwa kuwakamata Wayahudi. Hivyo chuki ya zamani ikapewa sare na mshahara.

Hatufichi kosa lake. Julai 1941 Metropolita aliwakaribisha Wajerumani, akitumaini kwamba taifa lake litapata uhuru. Alipoona damu, aligeuka. Mwaka 1942 alimwandikia Himmler kupinga Waukraine kutumiwa katika mauaji ya Wayahudi. Agosti alimweleza Papa Pius XII uovu wa utawala ule. Novemba alitoa barua ya kichungaji juu ya amri ya tano, akitangaza adhabu ya Kanisa kwa wauaji.

Akiwa mzee aliyepooza, pamoja na mdogo wake Klymentiy na watawa wa Studion, aliwaficha Wayahudi wapatao 150, wengi wao watoto. Rabi David Kahane alifichwa katika maktaba yake.

Alifariki tarehe 1 Novemba 1944. Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliidhinisha tamko la fadhila zake za kishujaa.

Sisi tunaojiandaa kwa upadre, na ninyi waamini wenzetu, tujiulize: mtawala akilipendelea kabila letu na kulidhulumu la jirani, tutanyamaza kwa sababu tunanufaika? Metropolita aliwakemea kwanza waliokuwa wakikomunika mikononi mwake.