Habari za Bibi Florence Nightingale, Aliyefundisha Kumwangalia Mgonjwa

Watu wengi wamelisikia jina la Bibi Florence Nightingale, nao humkumbuka kwa taa aliyoichukua usiku akipita kati ya vitanda vya askari. Lakini sisi twapenda kueleza kazi yake nyingine isiyosimuliwa sana, nayo ni kazi ya macho na kalamu.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, nchi ya Italia. Wazazi wake walikuwa Waingereza wenye mali. Tangu ujana alitamani kuuguza wagonjwa, ila jamaa zake walimzuia, maana siku zile kazi hiyo ilidharauliwa. Mwaka 1851 alikwenda Kaiserswerth, Ujerumani, kwa madiakoni wa Mchungaji Theodor Fliedner, akakaa yapata miezi mitatu akijifunza.

Mwaka 1854 Waingereza na Wafaransa walikuwa wakiwasaidia Waturuki kupigana na Warusi katika vita vya Crimea. Serikali ya Uingereza ikamtuma Bibi huyu pamoja na wauguzi 38 mpaka hospitali ya Scutari, ng'ambo ya mji uitwao leo Istanbul. Walipofika mwezi wa Novemba walikuta uchafu mwingi, na vitabu vya hesabu ya wafu havikupatana. Wakafanya bidii kusafisha, kupika na kuosha vidonda, walakini watu walizidi kufa. Mwezi wa Februari 1855 walikufa yapata 42 katika kila wagonjwa 100. Mwezi wa Machi wakaja wajumbe wa serikali, wakazibua mifereji ya maji machafu chini ya jengo, wakaingiza hewa safi. Hata kufika Juni, waliokufa walikuwa yapata 2 tu katika 100.

Vita vilipokwisha mwaka 1856, Bibi alirudi kwao mwenye sifa kuu. Angaliweza kukaa kimya na kuifurahia sifa hiyo. Lakini aliketi pamoja na William Farr, mjuzi wa hesabu za vifo, wakazichunguza habari zote. Ndipo ikaonekana wazi: askari zaidi ya 16,000 walikufa kwa maradhi, na waliokufa kwa silaha za adui hawakufika 5,000. Tena ikaonekana kwamba hospitali aliyoitumikia mwenyewe ilikuwa miongoni mwa zile zilizopoteza watu wengi mno. Hesabu hiyo ilimgusa yeye mwenyewe, wala hakuificha. Aliiandika, akaichora kwa picha za rangi mwaka 1858, ili wakubwa waone kwa macho yao na kuzitengeneza kambi na hospitali.

Mwaka uliofuata alitoa kitabu juu ya uuguzi, si kwa wauguzi tu, bali kwa kila mwanamke atunzaye mgonjwa nyumbani. Humo afundisha kwamba haifai kumwuliza mgonjwa kama amelala vizuri, maana neno hilo halipimiki. Yafaa kuuliza amelala saa ngapi, tena wakati gani wa usiku. Vivyo hivyo, mgonjwa asiyekula aweza kuwa na sababu mbalimbali: pengine chakula kimepikwa vibaya, pengine si cha kumfaa, pengine kimeletwa saa isiyofaa, pengine hana hamu kabisa. Asiyeangalia sana ataziona zote kuwa jambo moja.

Siku zile kipimajoto hakijawa chombo cha kila mwuguzi. Mwaka 1868 daktari Carl Wunderlich wa Leipzig alitoa kitabu chake juu ya joto la wagonjwa, na desturi ya kuliandika kila siku ikaenea. Leo wauguzi hupima joto, mapigo ya moyo, pumzi na shinikizo la damu, wakaandika kila kipimo pamoja na saa yake, ili ajaye zamu asikisie.

Mwaka 1860 shule ya wauguzi ilifunguliwa kwa jina lake katika hospitali ya St Thomas, London. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, umri wake miaka 90.

Basi, sisi tuendao kuwatazama wagonjwa nyumbani kwao, tujifunze kwake. Huruma ni njema, lakini huruma isiyoangalia haimfai mgonjwa. Tuulize sawasawa, tuhesabu, tuandike yaliyo kweli, hata yakiwa juu yetu wenyewe, tukayapeleke upesi kwa mganga.