William Farr: Daktari aliyehesabu wafu ili kuwaokoa walio hai

WAKATI kipindupindu kilipovamia England na Wales mwaka wa 1849, zaidi ya watu 53,000 walifariki. Idadi hiyo ilijulikana kwa sababu ofisini London alikuwemo mtu aliyeorodhesha kila kifo na kilichokisababisha.

Mtu huyo, William Farr, alizaliwa Novemba 30, 1807 katika kijiji cha Kenley, jimbo la Shropshire. Wazazi wake walikuwa wachochole, lakini mzee mmoja mwenye mali, Joseph Pryce, alimlea na kumsomesha. Pryce alipoaga dunia, urithi aliomwachia kijana huyo ulimwezesha kwenda kusomea udaktari Paris, Ufaransa.

Sheria ya kusajili uzazi, ndoa na vifo ilianza kutekelezwa Julai 1837. Miaka miwili baadaye Farr alikuwa ameajiriwa katika Ofisi Kuu ya Usajili, alikohudumu kwa takriban miaka 40.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa majina. Ugonjwa mmoja uliitwa kwa majina kadhaa, na jina moja likabandikwa magonjwa tofauti. Farr aliunda orodha moja ya magonjwa, ili kifo cha mashambani kiweze kulinganishwa na cha mjini.

Kisha alipima vifo kwa kila watu 1,000. Wilaya zenye afya bora zilipoteza watu 17 kwa mwaka. Farr alishikilia kwamba vifo vyovyote vilivyozidi hapo vingeweza kuzuilika, hivyo lawama ilikuwa ya binadamu, si ya majaliwa.

Hata hivyo, naye alikosea. Baada ya kuchunguza mkurupuko wa 1849, aligundua kwamba vifo vilipungua kadiri makazi yalivyoinuka juu ya Mto Thames. Akaamini kuwa hewa chafu ya mtoni ndiyo iliyoua. Daktari John Snow alipinga, akisema kiini ni maji ya kunywa.

Farr hakumfungia mlango. Mwaka wa 1854 aliwaagiza wasajili wa kusini mwa London waulize kila nyumba iliyofiwa ilikopata maji, na takwimu zake zikamfaa mpinzani wake. Snow alifariki mwaka wa 1858 kabla ya kukubalika.

Mwaka wa 1866, kipindupindu kiliua zaidi ya watu 5,000 mashariki mwa London. Safari hii, Farr mwenyewe ndiye aliyeonyesha kwamba waathiriwa walitumia maji ya kampuni moja. Takwimu zilikuwa zimempinga, naye akazitii.

Msajili Mkuu alipostaafu mwaka wa 1879, Farr alitumaini kurithi kiti hicho, lakini akapewa mwingine. Alijiuzulu muda mfupi baadaye, na akafariki Aprili 14, 1883.

Kazi yake haikuzikwa naye. Orodha ya kimataifa ya visababishi vya vifo iliyoandaliwa na Jacques Bertillon mwaka wa 1893 ilifuata misingi yake. Tangu 1948 orodha hiyo imo mikononi mwa Shirika la Afya Duniani (WHO), na toleo la 11 lilianza kutumika Januari 2022.

Lakini kazi haijakwisha. Mamilioni ya watu, wengi wao Afrika, bado huzikwa bila kisababishi cha vifo vyao kuandikwa popote. Ugonjwa usiohesabiwa ni vigumu kutengewa fedha, dawa au wauguzi.