Dian Fossey: Alianza Upya Ng'ambo ya Mpaka

Katika kuadhimisha Siku ya Mazingira tunamkumbuka marehemu Dian Fossey, ambaye naye alipata kukimbia machafuko katika milima ya Virunga.

Alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1932. Mapema mwaka 1967 alianza kuchunguza gorila wa milimani huko Kabara, Kongo. Mwezi Julai askari walimteremsha mlimani, akatorokea Uganda. Hakukata tamaa. Tarehe 24 Septemba mwaka huo huo alipiga hema upande wa Rwanda, kati ya Karisimbi na Bisoke, akapaita Karisoke.

Aliwatambua gorila mmoja mmoja kwa mikunjo ya pua. Akisaidiwa na wenyeji, aling'oa mitego ya majangili. Alikuwa mkali, hata kwa wafugaji walioingiza ng'ombe hifadhini, akajipatia maadui. Aliuawa Karisoke Desemba 1985, akazikwa kando ya gorila wake.

Mwaka 1994 kituo kiliharibiwa, lakini wafanyakazi Wanyarwanda walirudi mlimani kuendeleza kazi. Mwaka 1981 gorila wa Virunga walikuwa kama 250. Hesabu ya 2015–2016 ilikuta 604.