Denis Burkitt, daktari wa jicho moja aliyeifuatilia kansa ya taya

Msikilizaji, mtoto akivimba taya maneno huanza: ni jino, amerogwa, ni yule jirani. Mwaka 1957 mvulana wa miaka mitano alikuwa hospitali ya Mulago, Kampala, taya zimevimba kulia na kushoto. Akaitwa daktari wa upasuaji, Denis Burkitt.

Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Jicho moja alilipoteza utotoni kwa kupigwa jiwe. Alifika Uganda mwaka 1946, akapangiwa Lira, na huko akaona kitu: mabusha yalikuwa mengi sana upande mmoja wa wilaya, upande mwingine machache mno. Tangu hapo akawa mtu wa kuuliza ugonjwa uko wapi, na wapi haupo.

Wiki chache baada ya kumwona yule mvulana, akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona msichana mdogo amevimba vilevile. Tumboni pia alikuwa na uvimbe. Alirudi Mulago akafukua mafaili, akaona kwamba uvimbe uliodhaniwa ni wa magonjwa mbalimbali ulikuwa kansa moja. Akaandika mwaka 1958.

Kisha akasambaza vipeperushi vyenye picha kwa madaktari wa Afrika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walichukua gari kuukuu wakazunguka wiki kumi, kama kilomita 16,000, hadi kusini mwa Afrika na kurudi, wakiuliza hospitali karibu 60. Jibu la hapana waliliandika sawasawa na la ndiyo. Hapo ndipo ninapompendea.

Maana hapana hizo ndizo zilizochora ramani. Karibu na ikweta kansa hii ilikosekana juu ya mita 1,500 hivi. Kusini zaidi mpaka huo ulishuka. Basi shida ilikuwa joto na mvua, kama mtu anavyotoka Vwawa akateremka Kamsamba, bondeni Rukwa. Joto na mvua maana yake mbu na malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, London, wakapata kirusi ndani ya seli zilizokuzwa kutoka kwenye uvimbe huo. Malaria na kirusi hicho ndivyo vinavyohusishwa nayo hadi leo. Jirani hayumo.

Burkitt alijaribu dawa za kansa, na watoto kadhaa uvimbe ukayeyuka. Leo wengi hupona wakiwahi hospitali. Lakini uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache tu, kwa hiyo wiki mbili za majani ya mganga si kitu kidogo.

Mwaka 2011 tulipokimbilia kikombe cha Samunge, Loliondo, tulisimuliana sana waliodai kupona. Waliorudi wakafa, nani aliuliza habari zao?

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966, akasifu vyakula visivyokobolewa kuwa kinga ya kansa ya utumbo mpana. Alifariki mwaka 1993. Mwaka 2000 yalitolewa majaribio mawili ya Marekani: kundi moja lilikula nyuzinyuzi nyingi, jingine kidogo. Vinyama vya utumbo vinavyoweza kugeuka kansa vilirudi karibu sawa kote. Dona bado inasaidia choo, hilo halina ubishi, ila dai la kinga lilipimwa hata likiwa la Burkitt.