Sheikh Al-Amin: Mwalimu Aliyeshika Kalamu

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Babake alifariki yeye akiwa bado mdogo, akasomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali. Alipoona Waislamu wamebaki nyuma kielimu, alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, akiandika Kiswahili ili hata asiyejua Kiarabu afahamu. Alitaka watoto wapate elimu ya dini na ya dunia, wasichana pia. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kufa kwake 1947. Basi wewe unayepita Soko la Burma asubuhi ukienda chuo, jioni madrasa, usiache hata moja. Mola amrehemu, amin.